Kinachochimbwa Katika Bitcoin

Ukiuliza mjini Eldoret bitcoin hutoka wapi, utajibiwa kuwa huchimbwa. Neno uchimbaji limezoeleka, nami naona linapotosha. Msikilizaji anaijua dhahabu ya Karebe, kule Nandi: ukizidisha wachimbaji na mitambo, mali iliyomo mwambani hutoka zaidi.

Bitcoin haiendi hivyo. Kompyuta nyingi mno hukisia nambari usiku na mchana hadi mojawapo ipate inayotimiza sharti lililowekwa. Mshindi huandika ukurasa mpya wa daftari la miamala, takriban kila dakika 10, na tangu Aprili 2024 hutuzwa bitcoin 3.125. Makisio ya wengine wote hutupwa, na umeme wao umeshaliwa. Mashine zikiongezeka, sharti hukazwa: umeme unazidi, kurasa hazizidi.

Kwa hiyo nashauri walimu na wanahabari waseme uthibitisho kwa kazi badala ya uchimbaji. Kazi hapa ni gharama ya makusudi. Anayetaka kughushi daftari sharti ateketeze umeme kuwashinda waaminifu wote. Na gharama hiyo ni nzito. Chuo Kikuu cha Cambridge hukadiria kuwa Bitcoin hula zaidi ya uniti bilioni 100 za umeme kwa mwaka, ilhali gridi ya Kenya nzima hupokea kama bilioni 14.

Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu za kidijitali, nayo ilifuata utaratibu huo mpaka Septemba 2022, ikahamia uthibitisho kwa dhamana, ambapo mwenye kuthibitisha huweka sarafu zake rehani. Matumizi yake ya umeme yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99, na miamala ikaendelea.

Faida ya Bitcoin kwetu? Muuza mboga anatoshwa na M-Pesa, iliyoanza 2007. Anayelipwa kutoka ng'ambo huenda akapata nafuu kwa sarafu zilizofungamanishwa na dola, lakini hizo kwa kawaida hupita kwenye mitandao isiyohitaji kukisia.

Hoja yenye uzito ya kuitetea Bitcoin ni ya Gridless, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa 2022. Huweka mashine za kukisia kando ya mitambo midogo ya maji vijijini, hununua umeme uliokosa mteja, na mapato hayo huusaidia mtambo kujiendesha. Naikubali, kwa mahali kama hapo. Eldoret tuna mtambo mdogo kwenye mto Sosiani, wa kilowati 400 hivi, ila umeme wake huingia kwenye gridi yenye wateja tayari. Mashine za kukisia zikiletwa hapa zitaugombea na vinu vya unga.