Kikebe na Karatasi Yake

Msomaji, ukitaka kuijua historia ya nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria, usianze na majina ya magavana. Anza na kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kukichukua.

Kipande kilikuwa karatasi yenye jina la mtu, alama za vidole, jina la tajiri wake, mshahara, na siku za kuanza na kuacha kazi. Bila saini ya tajiri, mtumishi hakuwa na ruhusa ya kwenda zake. Hayo karatasi itakuambia. Lakini kitazame pia kikebe cha chuma kilichoihifadhi, na kamba yake: kilivaliwa shingoni. Je, mvaaji alionaje? Karatasi haisemi, maana aliyeiandika hakumwuliza.

Jibu litafute kwa shahidi mwingine. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, katika Gem, kaskazini magharibi ya Kisumu, wakaanzisha chama kilichojulikana kwa jina la Piny Owacho, yaani "nchi imesema". Miongoni mwa madai yao lilikuwamo hili: kipande kiondolewe.

Basi hati moja ni shahidi mmoja; ihoji, kisha uite wa pili. Huenda nyumbani kwenu limo sanduku la karatasi za mababu. Lifungue mapema, kwani mchwa hawabagui takataka na ushahidi.