Chombo Juu ya Magogo

Masoko haina bandari. Iko juu katika vilima vya Rungwe, kusini-mashariki ya mji wa Tukuyu, na maji yake ni ziwa dogo la duara lililojaa katika kreta ya volkano, kina chake kiasi cha mita 37. Hakuna jahazi lililotweka tanga pale. Hata hivyo, anayetaka kuandika juu ya vyombo vilivyochakaa na kufufuliwa katika nchi yetu hana budi kupita Masoko, kwani mwaka 1914 palikuwa na askari pale walioijua kwa nyayo zao gharama ya meli iliyokuwa matengenezoni.

Wajerumani walijenga boma la mawe ukingoni mwa kreta hiyo na kuiweka hapo Kombania ya Tano ya jeshi lao la koloni. Tukuyu yenyewe waliiita Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kituo kilichoanzishwa na msafara ulioileta meli ziwani. Kumbe hata jina la mji wa milimani lilikuwa limepanda kutoka majini.

Meli hiyo ni Hermann von Wissmann. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1890, ikafunguliwa vipande vipande, ikapitishwa mito ya Zambezi na Shire, ikabebwa na watu pale maporomoko yalipoziba njia, na mwaka 1893 ikaelea. Iliitwa kwa jina la mtu aliyechangisha fedha zake na kuuongoza msafara, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana. Kwa miaka ishirini ilibeba barua, chumvi, bunduki na maofisa baina ya vituo vya upande wa Wajerumani. Na kama ilivyo kwa kila chombo kilichotumika miaka ishirini, ilifika siku ikabidi ipandishwe pwani.

Watu wa pwani wana neno lao kwa jambo hilo: kujahabu, yaani kukitoa chombo majini na kukiegemeza ili kitengenezwe. Tarehe 13 Agosti 1914 Hermann von Wissmann ilikuwa imejahabiwa Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhaven kwa ajili ya jabali lake la ajabu. Meli ya Waingereza, Guendolen, ikaja kutoka kusini chini ya Kamanda Rhoades, ikafyatua mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades na mshirika wake wa glasi, alipanda kimashua akaenda kumwuliza kwa hasira kama amelewa. Habari za vita hazikuwa zimemfikia. Akajulishwa palepale kwamba yeye ni mateka. Rhoades akaondoka na vipuri muhimu vya meli, na ziwa lote likabaki mikononi mwa upande mmoja.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kwa kicheko, na ni haki yake. Lakini mimi hunishughulisha kitu ambacho wasimulizi hukipita haraka: meli ile haikushindwa vitani. Ilikutwa juu ya magogo. Kwa chombo, hakuna wakati wa udhaifu kuliko ule wa kutengenezwa, na ili jambo hili lieleweke ni bora tuache kidogo chuma cha Wajerumani tutazame chombo cha zama zetu, boti ya faiba, ambayo mafundi wa pwani zetu wanazidi kuletewa ikiwa mgonjwa.

Boti ya faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa resini, tabaka juu ya tabaka, ndani ya kalibu, hata kikagangamaa. Ngozi hiyo haioti kuvu wala hailiwi na mchwa. Ndiyo sababu ilisifiwa sana ilipoenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaonekana kwamba fundi wa tezo na keekee amekwisha kazi. Walakini ngozi peke yake hulegea kama jamvi. Haina budi kupewa mifupa, na katika boti nyingi za zamani mifupa hiyo ni ya mti: mataruma yanayokwenda urefuni chini ya sakafu, sakafu yenyewe, na ule ubao mnene wa tezini unaobeba mashine. Aghalabu ni plaiwudi, nayo hufunikwa faiba pande zote ili maji yasiifikie.

Hapo ndipo maradhi yanapoingia. Mwenye boti hutoboa tundu la skrubu ili afunge pete ya kamba, au mashine hutikisa boliti zake mwaka baada ya mwaka mpaka nafasi ya unywele ikapatikana. Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Kuvu inayoozesha mti inataka vitu viwili, unyevu na hewa. Mti mkavu hauna unyevu, mti uliozama kabisa na kujaa maji hauna hewa, kwa hiyo yote miwili hudumu. Unaooza ni ule ulio baina ya hali hizo mbili, na hakuna pahala palipobuniwa vizuri zaidi kuiweka hali hiyo ya katikati kuliko ndani ya mfuko wa faiba wenye tundu moja. Jahazi la mbao hupigwa kalafati kwa pamba na mafuta, hupakwa deheni ya chokaa na shahamu, na kila linapopandishwa fundi huona kwa macho yake ubao uliochoka. Mti wake uko wazi, hulowa na kukauka. Wa boti ya faiba umevishwa sanda ungali hai.

Kwa nje huoni kitu. Rangi inang'aa, na mwenyewe hukuapia kwamba chombo ni kizima. Fundi hachukui kauli yake. Hugonga kwa mpini wa nyundo, shibiri kwa shibiri, akisikiliza. Penye uzima sauti hurudi kavu na kali, na penye uozo hurudi nzito, kama ngoma iliyolowa. Kisha hutoboa tundu dogo upande wa ndani. Pakitoka unga mkavu wa mbao hufurahi. Pakitoka maji meusi yenye harufu ya majani yaliyovunda hunyamaza, na mwenye boti huanza kuuliza bei.

Matengenezo yake yanastahili kuelezwa, kwa kuwa ni kinyume cha desturi ya pwani, ambako hujengwa mifupa kwa ngozi. Hapa mifupa hutolewa na ngozi hubaki. Kabla ya kukata chochote, fundi hukiegemeza chombo: mkuku ulale juu ya magogo yaliyopimwa kwa pima-maji, na mbavu zishikwe kwa mategemeo mengi, karibu karibu. Asiyejua hudhani ni kupoteza muda. Lakini mataruma yakishaondolewa, boti haina tena kinachoishika umbo lake. Hulala kadiri ilivyolazwa. Ikiwa imepinda kidole kimoja wakati mataruma mapya yanapogandishwa, imepinda maisha. Mashine utakayoifunga itakuwa ikisukuma chombo kinachotaka kwenda upande, na hakuna rangi wala dua ya kulinyoosha hilo.

Ndipo hukata ngozi ya ndani tu, kwa uangalifu, akiiacha ya nje nzima. Huchimba ule uozo kwa patasi, na wakati mwingine kwa mikono, maana huwa laini kama muhogo uliovundikwa. Vumbi la kioo likianza kuruka, barakoa na nguo za mikono mirefu si anasa. Na fundi mwerevu hautupi uozo mara moja. Kipande kilichoharibika, kama bado kina kingo, ndicho kigezo cha kipande kipya: huchorwa juu ya plaiwudi, hupimwa, hukatwa. Nimeifanya kazi ya kufasiri kwa miaka mingi, na hapo ndipo nilipoona sanaa nyingine inayolazimika kuiheshimu maiti ya neno ili ipate kulizaa jipya.

Chombo huachwa kikauke, wiki kadhaa mahali penye kivuli na upepo, na hapa ndipo subira za wenye boti hukatika, maana boti iliyo nchi kavu haileti samaki. Kikikauka ndipo ubao mpya hunyweshwa resini, hasa kwenye kingo, ambako plaiwudi hunywa maji kama utambi. Hulazwa juu ya resini nzito isiyoacha mfuko wa hewa, hubanwa kwa vibano, hufunikwa tabaka mpya za kitambaa zinazopanda juu ya ngozi ya zamani. Tundu la boliti hutobolewa pana kuliko linavyohitajiwa, hujazwa resini, na baada ya kuganda hutobolewa tena kwa kipimo chake, ili boliti ipite ndani ya resini na isiuguse mti kamwe. Anayeiruka hatua hiyo moja, baada ya miaka michache atarudi kuifanya kazi yote.

Sasa turudi Masoko. Mwezi uleule wa Agosti Waingereza walizikusanya meli zao za Nyasa, ikiwemo Chauncy Maples ya wamisionari wa UMCA, wakavipandisha vikosi vyao kutoka kusini mpaka Karonga kwa maji. Wajerumani wa Masoko hawakuwa na chombo cha kupandisha mtu. Walikwenda kwa miguu, wakavuka Songwe, na tarehe 9 Septemba 1914 wakaishambulia Karonga. Usiku ule jeshi kubwa la Waingereza lilikuwa limetoka kuelekea mpakani, na majeshi mawili yakapishana gizani bila kujuana. Liliposikia mizinga likageuka nyuma, na walioshambulia wakashambuliwa. Walirudi Masoko wakiwa wamevunjika. Mwezi Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli wakaiharibu kabisa Hermann von Wissmann, isije ikatengenezeka. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa Mei 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka, na Neu-Langenburg ikawa yao.

Sisemi kwamba meli moja ndogo ingaliigeuza vita. Nasema imfikirie mpagazi. Tani moja ya mzigo, ikigawanywa katika mafurushi ya kilo 25, inataka vichwa 40. Na mpagazi naye hula: akila kilo moja ya unga kwa siku, katika siku 25 amekwisha kula kiasi cha furushi lake. Kwa hesabu hiyo kila safari ya nchi kavu inataka wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Nyasaland peke yake, ambayo leo ni Malawi, inakadiriwa iliwatoa watu laki mbili katika kazi hiyo ya tengatenga, na upande wa pili Wanyakyusa na jirani zao walichukuliwa vilevile. Wengi walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milimani na kwa njaa. Vitabu vya vita huwataja manahodha wawili kwa majina yao. Waliogeuzwa kuwa meli hawana jina hata moja.

Wajerumani wa Kigoma walijifunza kitu. Tarehe 26 Julai 1916, walipolazimika kuondoka, waliizamisha wenyewe Goetzen katika Ziwa Tanganyika, lakini kwanza wahandisi wake walizipaka injini grisi nzito. Ilizamishwa kwa nia ya kurudiwa. Wabelgiji waliinua, ikazama tena; Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, kwa injini zilezile. Hermann von Wissmann nayo, pamoja na kuharibiwa, ilikuja kufufuliwa na Waingereza na kuitwa kwa jina la mfalme wao. Chauncy Maples haikuwa na bahati hiyo: mpango wa karne hii wa kuigeuza zahanati ya kuelea uliikuta juu ya nchi kavu, Monkey Bay, na haukuirudisha ziwani.

Watu wa Masoko husimulia kwamba Wajerumani walitupa ziwani mwao sarafu na silaha wasije wakaziacha. Kilichothibitishwa ni tope. Wataalamu walilitoboa tope la chini wakakuta chavua ya mimea ya zaidi ya miaka elfu arobaini, imehifadhika tabaka kwa tabaka, kwa sababu kule chini hewa haifiki.

Miaka ya karibuni serikali zetu mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zimegawa boti nyingi za faiba kwa wavuvi na kwa wakulima wa mwani, kwa jina la uchumi wa buluu. Bado ni mpya, na skrubu za kwanza zimeanza kutiwa na wenyewe. Anayepewa boti leo amwulize mgawaji jambo moja kabla ya kutia saini mkopo: ubao wa tezi ni wa kitu gani, na tundu za boliti zimezibwa kwa nini. Kisha amtafute fundi wa kumgongea, shibiri kwa shibiri, kila mwaka chombo kinapojahabiwa.