Mashindano ya ngoma ya Wasukuma

Mashindano ya ngoma ni maonyesho ya uwanjani ya Wasukuma wa kusini mwa Ziwa Viktoria, wakiwemo wa Bariadi, Maswa na Meatu katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Hufanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha na watu wakiwa na nafasi.

Washindani hugawanyika katika jumuiya mbili, Bagika na Bagalu. Asili ya mgawanyiko huo ni ushindani wa waganga na wachezaji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kuhama. Linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo mshindi. Kwa sababu hiyo manju, yaani kiongozi wa kundi, anayeitwa ningi kwa Kisukuma, hutunga nyimbo mpya, hubuni vituko na hutafuta dawa ya mvuto. Wengine hucheza na nyoka.

Tamthilia za tanzia za Ugiriki ya kale nazo zilikuwa mashindano ya nje, chini ya mlima wa Akropoli jijini Athens, kwaya ikiimba na kucheza. Lakini huko waliamua majaji waliopatikana kwa kura. Hukumu ya Wasukuma ni kali zaidi, maana msanii huiona papo hapo, watu wakimwacha.

Huko Bujora, karibu na Mwanza, mashindano haya huambatana na Bulabo, sherehe ya Ekaristi ya Kanisa Katoliki.