Namba Iliyopigiwa Kelele

Wateja wanaoniletea laptop siku hizi hawaijui prosesa ya Pentium III. Sisi mafundi wa kompyuta za mtumba tuliishika sana, na ndani ya BIOS, programu ya kuanzishia kompyuta, tulikuta kipengele cha kuwasha au kuzima namba ya prosesa. Ni mstari mmoja tu, lakini una kisa kirefu.

Januari 1999 kampuni ya Intel ya Marekani ilitangaza kuwa kila Pentium III ingetoka kiwandani na namba yake ya pekee, ya biti 96. Ilidai namba hiyo ingesaidia kumthibitisha mnunuzi wa mtandaoni na kurahisishia makampuni kuhesabu mashine zao. Watetezi wa faragha wakang'aka. Vidakuzi vya kivinjari unaweza kuvifuta. Namba iliyomo ndani ya chipu utaifutaje? Tovuti zikiweza kuisoma, kila unapopita utatambuliwa kuwa ni wewe yuleyule. Makundi ya kutetea faragha ya EPIC, Junkbusters na Privacy International yakaitisha mgomo wa wanunuzi, na nembo ya Intel Inside ikageuzwa kwa kejeli kuwa Big Brother Inside. Intel ikalegeza: namba ingezimwa kwa programu, atakaye aiwashe. Februari jarida la Kijerumani la c't likaeleza kuwa programu nyingine ingeweza kuiwasha tena, mwenye mashine asijue. Mwaka 2000 Intel ikasalimu amri, na Pentium 4 ikaja bila namba hiyo.

Kwa maoni yangu, Intel iliponzwa na tangazo lake yenyewe. Wengine hawakutangaza: Machi 1999 mtaalamu wa programu Richard Smith alibaini kuwa nyaraka za Microsoft Office 97 zilibeba kimyakimya namba iliyotokana na anwani ya kadi ya mtandao. Microsoft iliahidi kurekebisha, lakini anwani yenyewe, ya biti 48, imo kwenye kadi za mtandao hadi leo.

Hapa Tanzania namba za aina hii zilipata umaarufu Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia. Watu walibonyeza *#06# kutazama IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Sina ugomvi na kazi hiyo. Hata simu iliyoibwa hufungiwa kwa IMEI. Ila IMEI haina pa kuizimia. Basi ukinunua kifaa, muulize muuzaji: kina namba gani, nani anaisoma, na inazimwaje? Wanunuzi wa 1999 waliuliza, wakajibiwa.