Mshumaa sanifu

Katika elimu ya nyota, mshumaa sanifu ni gimba lolote la angani ambalo mng'ao wake halisi unajulikana. Ukishaujua huo, ukaulinganisha na mng'ao hafifu unaotufikia, umbali unapatikana kwa hesabu: umbali ukiwa maradufu, mng'ao hupungua mara nne, ukiwa mara kumi, hupungua mara mia.

Mshumaa wenyewe si fumbo. Sheria ya gesi ya London ya mwaka 1860 ilitaja mshumaa wa mafuta ya nyangumi, uzito wake na kasi ya kuungua kwake, na taa za gesi zikapimwa kwa huo. Kazi iko kwenye neno sanifu. Wapo wanaolielewa kuwa ni vitu vinavyofanana, kama karabai za wavuvi wa dagaa usiku: zote zikiwa na nguvu moja, iliyofifia ndiyo iliyo mbali. Nyota hazitupi urahisi huo. Sefeidi, nyota zinazong'aa na kufifia kwa mzunguko usiobadilika, zinatofautiana sana. Nyingine hulishinda Jua mara elfu chache, nyingine mara makumi ya maelfu. Zinakuwaje sanifu?

Jibu alilitoa Henrietta Swan Leavitt wa Harvard, akichunguza picha zilizopigwa Arequipa, Peru. Mwaka 1912 alieleza habari za nyota 25 za namna hiyo katika Wingu Dogo la Magellan. Kwa kuwa zote ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, inayoonekana kung'aa zaidi ndiyo yenye mng'ao mkubwa kweli. Akaona kwamba kadiri mng'ao ulivyo mkubwa ndivyo kipindi cha mzunguko kinavyorefuka. Basi hesabu siku za mzunguko, nyota itakuwa imekutajia nguvu yake. Usanifu wake umo katika alama hiyo inayopimika, wala haumo katika kufanana. Kwa hiyo anayeandika "mshumaa wa kawaida" ameiacha maana yote nje.

Mwaka 1923 Edwin Hubble, akiwa kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Mount Wilson, aliipata sefeidi ya Andromeda yenye kipindi cha siku 31 hivi. Hesabu yake ilitoa takriban miaka ya nuru 900,000, umbali uliotosha kuthibitisha kuwa Andromeda ni galaksi nyingine kabisa. Leo tunasema milioni 2.5. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilifafanuliwa na Walter Baade mwaka 1952: sefeidi zina jamii mbili, na kipimo cha jamii moja kilikuwa kimetumiwa kwa nyingine. Alama ilisomwa sawasawa, ila jedwali lilikuwa la nyota nyingine.

Darubini ya anga ya Hubble ilipoziona sefeidi za galaksi M100 mwaka 1994, kundi la galaksi la Mashuke, ilimo M100, likapata umbali wa miaka ya nuru milioni 56 hivi. Mbali sana kupita huko sefeidi hazionekani, na zamu inashikwa na supanova (nyota zinazolipuka) za aina ya Ia, ambazo mng'ao wake hupimwa kwanza katika galaksi zenye sefeidi. Nazo hazilingani: zinazofifia polepole ndizo zenye mng'ao mkubwa zaidi, kwa hiyo mwanaastronomia huanza kwa kupima kasi ya kufifia.