Nani Aliyeandika Maneno? Uandishi wa Filamu kutoka Vugiri hadi Ukonga

Utangulizi

Msafiri atokaye katikati ya Jiji la Dar es Salaam kwa Barabara ya Nyerere, ambayo zamani ikiitwa Barabara ya Pugu, huipita Tazara, huupita uwanja wa ndege, na afikapo Banana huwa tayari yumo Ukonga. Wengi huijua Ukonga kwa gereza lake na kwa kambi za askari. Sisi tunakusudia kuitazama kwa jicho jingine. Hapo Ukonga, kama ilivyokuwa Temeke, Manzese na Mbagala, mamia ya wakazi ambao hawakuwa na nauli ya kwenda kutazama sinema mjini walizoea kukusanyika katika mabanda ya video. Humo walikaa kwenye mabenchi wakitazama picha za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, huku sauti ya Mswahili mwenzao ikiwaeleza yaliyokuwa yakisemwa.

Sauti ile ndiyo iliyotutia hamu ya kuandika insha hii. Kwa muda mrefu filamu katika nchi yetu imekuwa kitu cha kutazamwa ambacho maneno yake yameandikwa na mwingine, mahali pengine, kwa ajili ya watu wengine. Swali tunalouliza ni jepesi kulitamka: je, ni nani aliyeandika maneno? Jibu lake ni historia ya zaidi ya miaka 80.

Enzi ya wakoloni

Jaribio la kwanza kubwa la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati lilifanyika katika ardhi yetu wenyewe, huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Mpango huo ulisimamiwa na Waingereza wawili, L. A. Notcutt, aliyekuwa na uzoefu wa kusimamia mashamba, na G. C. Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu huko Rhodesia ya Kaskazini. Fedha zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, na magari yakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kwa kuwa watazamaji walikuwa wa lugha nyingi, picha ilikuwa moja na maneno yakawa mbalimbali: maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri, kisha yakapigwa pamoja na picha.

Hadithi zenyewe zilikuwa za mafunzo. Mojawapo ilihusu akiba ya Posta: mfanyakazi mmoja anafukia fedha zake ardhini na mwizi anazichimbua, ilhali mwenzake anaziweka benki na kufaidika. Mpango huu wa mtu mwerevu na mtu mjinga wasimamao bega kwa bega ulidumu sana katika filamu za ukoloni. Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939, kilishikilia imani kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda upesi, na kwa hiyo hadithi iwe fupi, iende polepole, na isiwe na ufundi wa kuruka kutoka jambo hadi jambo. Ajabu ni kwamba bibi zetu walikuwa wakisimulia ngano za sungura na fisi zenye kuruka kutoka msituni hadi kisimani, na kutoka leo hadi zamani, wala hakuna mtoto aliyepotea njia. Kosa halikuwa katika akili ya mtazamaji. Kosa lilikuwa kwamba mwandishi hakumjua mtazamaji wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika ya Kusini ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Ndipo zilipopatikana picha kama "Muhogo Mchungu" na "Chalo Amerudi". Kijana aliyeng'ara katika picha hizo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mnamo Januari 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Watu walifurahi mno kuona Mswahili akisema Kiswahili katika sinema. Hata hivyo mtaji, mitambo na uamuzi wa mwisho juu ya hadithi vilibaki mikononi mwa wageni.

Baada ya Uhuru

Serikali huru ilitambua mapema kwamba filamu ni chombo cha kujenga taifa. Mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na mwaka 1974 Taasisi ya Picha na Sauti ikaanza kazi. Katika miaka hiyo ya 1970 ilipatikana "Fimbo ya Mnyonge", filamu iliyoeleza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea kwa njia ya hadithi. Baadaye zikafuata "Arusi ya Mariamu" ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, na "Mama Tumaini" ya mwaka 1986, ambayo Martin Mhando aliifanya pamoja na Mnorwe Sigve Endresen. "Arusi ya Mariamu" inastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Mgonjwa wake anasimama kati ya hospitali na mganga wa jadi, na mwandishi hamlazimishi mtazamaji kumcheka yeyote. Mwerevu na mjinga wa Vugiri walikuwa wameondoka jukwaani, na nafasi yao ikashikwa na binadamu mwenye hofu na matumaini.

Lakini hapana budi tuseme ukweli: filamu hizo zilikuwa chache. Utepe ulinunuliwa kwa fedha za kigeni, ukasafishwa nje ya nchi, na kazi nyingi zilitegemea msaada wa wahisani. Ndiyo sababu wale waliokuwa na kipaji cha kutunga majibizano waliandikia mahali pengine. Waliandikia jukwaa, ambako Ebrahim Hussein alitupa "Kinjeketile" mwaka 1969, na ambako Penina Muhando na Amandina Lihamba waliikuza tamthilia ya Kiswahili Chuo Kikuu na vijijini. Tena waliandikia redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo studio zake zilikuwa kandokando ya ile ile Barabara ya Pugu, ilikuwa shule kubwa ya uandishi wa maigizo. Mchezo wa "Twende na Wakati", ulioanza kurushwa mwaka 1993, ulisikilizwa nchi nzima, na wahusika wake wakawa misemo mitaani. Mwandishi wa redio hana picha. Kila kitu hukiweka katika sauti. Somo hilo lilikuwa na faida yake na hasara yake, kama tutakavyoona.

Mabanda ya Ukonga

Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Katika pengo hilo iliingia kanda ya video. Pembezoni mwa jiji, ambako hapakuwa na majumba makubwa kama Avalon na Empire, mtu mwenye televisheni, mashine ya video na banda la mabati aliweza kuwa na sinema yake. Watu wakayaita mabanda hayo vibanda umiza, kwa jinsi joto na msongamano ulivyowaumiza waliomo.

Humo ndimo alimozaliwa msimulizi wa filamu. Mashuhuri kuliko wote Dar es Salaam alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya kanda na kusambazwa. Wako waliomdharau msimulizi na kumwita mharibifu wa picha za watu. Sisi tunaona kwamba alikuwa mwandishi asiye na kalamu. Hakutafsiri neno kwa neno. Aliwapa wahusika wa Hong Kong majina ya mitaani kwetu, aliwafafanulia watazamaji desturi ngeni, aliongeza utani, na pale mwandishi wa kwanza alipozembea yeye alitia sababu. Kwa mara nyingine, kama enzi ya santuri za Vugiri, picha ilitoka kwingine na maneno yakasemwa kando. Tofauti ni kwamba safari hii maneno yalikuwa yetu.

Filamu za mkononi

Kutoka hapo hatua iliyofuata haikuwa ndefu. Vikundi vya maigizo vya televisheni, hasa Kaole Sanaa Group kilichoonekana ITV, viliwazoesha watu kutazama maisha yao wenyewe. Wasanii wa Kaole kama Steven Kanumba, Vincent Kigosi na Blandina Chagula wakavuka kwenda kwenye filamu za video. Filamu ya "Girlfriend" ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ilifungua soko, na katika miaka iliyofuata mamia ya filamu yalitolewa. Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, umati uliofurika kumzika ulionyesha jinsi filamu hizo zilivyoingia mioyoni mwa watu.

Je, maneno yaliandikwa na nani? Aghalabu hayakuandikwa na mtu. Kikundi kilikaa, kikakubaliana kisa, kikaorodhesha maonyesho, na mwongozaji akamwambia mwigizaji: hapa umemfumania mumeo, sema. Mwigizaji hodari alisema vizuri ajabu, kwa kuwa kutunga papo kwa papo ni urithi wetu tangu ngoma na vichekesho. Lakini jambo hilo lilikuwa na gharama. Watu walisimama sebuleni wakaongea dakika 10 jambo la dakika moja, kama kwamba bado wako redioni na hakuna anayewaona. Biashara nayo ilichochea maradhi hayo: hadithi moja iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, na mwandishi akatakiwa kurefusha pale alipopaswa kukata.

Upande wa sheria, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliagiza mtengenezaji apate kibali kabla ya kupiga picha. Hivyo karatasi ilihitajika kwa ajili ya ofisi hata pale ambapo haikuhitajika kwa ajili ya sanaa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 nayo ilimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini ulinzi wa sheria haumfikii mtu asiye na maandishi. Tumepata kukaa na kijana mmoja wa Ukonga aliyesimulia kisa chake chote mbele ya mtayarishaji, akapewa fedha ya nauli na chakula cha mchana, na miezi michache baadaye akakiona kisa kile kile dukani bila jina lake. Hakuwa na ukurasa hata mmoja wa kuonyesha kwamba ni chake. Alichotuambia kwa uchungu ni kwamba fedha angezisahau. Jina ndilo lililomnyima usingizi.

Kazi ya muswada

Tufafanue basi kazi yenyewe. Muswada wa filamu huanza na wazo liwezalo kusemwa kwa sentensi moja au mbili. Wazo hukuzwa kuwa muhtasari, muhtasari hugawanywa katika maonyesho, na kila onyesho huelezwa mahali pake, wakati wake, watu wake, matendo yao na maneno yao. Kwa desturi ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpango unaokubalika hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Kwa hiyo filamu ya saa moja na nusu huhitaji kurasa 90 hivi. Kutokana na kurasa hizo mtayarishaji hujua ni nyumba ngapi zitakodiwa na ni siku ngapi za kazi. Ukonga penyewe ni mwalimu mzuri. Ndege hupita chini mno kuelekea uwanjani, na mwigizaji hulazimika kunyamaza katikati ya sentensi. Mwandishi ajuaye hayo huyaweka mazungumzo marefu ndani ya nyumba, na nje huweka matendo.

Tena muswada bora hujua kunyamaza. Katika "Maangamizi", filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyotoka mwaka 2001 kwa muswada wa Queenae Taylor Mulvihill, Amandina Lihamba anaigiza mwanamke ambaye kwa miaka mingi hasemi neno. Kimya chake kimeandikwa kwa uangalifu kama hotuba. Amil Shivji naye, alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi ya "Vuta N'kuvute" kuwa filamu mwaka 2021, akishirikiana na Jenna Cato Bass katika muswada, alionyesha kwamba ghala ya riwaya zetu imejaa. Na tamthilia za mfululizo, kuanzia "Siri ya Mtungi" ya mwaka 2012 hadi "Jua Kali" ya Leah Mwendamseke, zimethibitisha kwamba kazi irushwayo juma baada ya juma haiwezi kusimama bila watu wa kuandika.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunaona mambo matatu. Kwanza, palipokosekana mwandishi wetu, mwingine aliandika, akatuchora kama alivyotudhani. Pili, kipaji cha kutunga maneno hakikukosekana hata siku moja. Kilikuwa katika ngano, jukwaani, redioni, na katika banda la mabati pale Ukonga. Tatu, kipaji kisichoandikwa hakina mwenyewe mbele ya sheria wala mbele ya kizazi kijacho. Kwa hiyo vyuo vyetu vifundishe muswada kwa bidii ile ile vinayofundisha uigizaji, watayarishaji waandikiane mikataba na watunzi, na nakala za miswada zihifadhiwe kama zihifadhiwavyo vitabu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Waigizaji wetu wametunzwa, na wamestahili. Sasa tumkumbuke na yule aliyewatungia mchezo.