Waya Unaofika Nyumbani

Watu wengi hudhani kwamba gari la umeme ni jambo la juzi. La hasha. Betri ya risasi inayoweza kuchajiwa tena ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mwaka 1881 Gustave Trouvé aliendesha baiskeli ya umeme ya magurudumu matatu katika mitaa ya Paris. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa dereva wa kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, na gari lake lilikuwa la umeme. Ilipofika mwaka 1900, takriban theluthi moja ya magari ya Marekani yalikwenda kwa betri.

Msomaji atauliza: kama lilitangulia kiasi hicho, kwa nini lilishindwa? Vitabu hujibu kwamba Ford Model T ya mwaka 1908 iliuzwa kwa bei nafuu, na kwamba mwaka 1912 magari ya Cadillac yaliwekewa mota ya kuwashia injini, dereva akaepukana na adha ya kuzungusha handeli. Majibu hayo ni sahihi. Lakini nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, niliwazoesha wanafunzi wangu kuuliza pia maswali madogo ya nyumbani. Kwa hiyo nauliza: gari hilo lililala wapi, na usiku lilikula nini?

Wakati ule kulichaji gari nyumbani halikuwa jambo jepesi. Betri hupokea umeme unaokwenda upande mmoja tu, ilhali umeme ulioenea majumbani ni ule unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Mwaka 1902 Mmarekani Peter Cooper Hewitt alibuni chombo cha kugeuza umeme huo: chupa kubwa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye zebaki ndani, ambayo ilitoa mwanga wa buluu ilipofanya kazi. Kampuni ya General Electric iliwauzia wenye magari mitambo ya namna hiyo, ikafungwa katika mabanda ya magari yao. Wateja walikuwa watu wa mjini wenye nafasi. Hata Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha gari la umeme la Detroit Electric, huku mumewe akitajirika kwa magari ya petroli.

Mkulima wa Marekani hakuwa na la kufanya na chupa ile, kwa sababu waya haukufika kwake. Hadi katikati ya miaka ya 1930, ni kama shamba moja tu kati ya kumi lililokuwa na umeme. Petroli, kwa upande wake, iliweza kubebwa kwa kopo hadi mwisho wa njia. Mwaka 1935 Rais Roosevelt aliunda chombo cha kusambaza umeme vijijini, kilichojulikana kwa herufi REA. Lakini kwa gari la umeme msaada huo ulichelewa mno. Kampuni ya Detroit Electric ilifikia mwisho wake mwaka 1939.

Nayasoma hayo nikiona ya kwetu. Umeme wa kwanza wa umma hapa Tanganyika uliwashwa na Wajerumani mwaka 1908 mjini Dar es Salaam, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa Wazungu. Waya ulichagua mtu wa kumfikia tangu siku ya kwanza. Wakala wetu wa Nishati Vijijini ulitokana na sheria ya mwaka 2005, nao kwa Kiingereza hujulikana kwa herufi zilezile tatu, REA. Kati ya REA ya Marekani na ya kwetu imepita miaka sabini. Na mpaka leo, kijana wa bodaboda aliye mbali na kituo cha mafuta hununua petroli kando ya barabara, ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Ni hatari, lakini ndiyo nguvu ileile ya petroli: huenda hata pasipo na nguzo.

Haya yamenijia sasa kwa sababu swali la banda la gari limeingia katika uwanja wangu. Mwanangu amenunua gari la umeme, na kila mwisho wa mwezi huja kututembelea. Aliniambia, "Baba, ni kisanduku kidogo tu cha ukutani. Fundi atamaliza kwa nusu siku." Nikaita fundi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Alifungua swichi kubwa, akatazama, akasema, "Mwalimu, waya huu uliwekwa kwa ajili ya taa na redio."

Akanieleza vizuri. Kisanduku chenyewe hakigeuzi umeme. Siku hizi mtambo wa kugeuza umo ndani ya gari. Kazi ya kisanduku ni kuwasiliana na gari, kuhakikisha mambo ni salama, kisha kuruhusu umeme upite, na kuukata pakitokea hitilafu. Lakini huvuta ampea 32 kwa umeme wa volti 230, yaani zaidi ya wati 7,000, sawa na pasi saba zikiwaka pamoja. Betri ya uniti 40 ikiwa tupu huchukua kama saa sita kujaa. Kwa soketi ya kawaida, ikivuta ampea 10, ni saa kumi na saba au zaidi, na soketi iliyochoka huweza kuyeyuka kabla ya alfajiri. Hivyo panahitajika waya mnene wa peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, kikata umeme chake, na waya wa ardhini ulio mzima. Ule wa kwetu ulikuwa umeliwa na kutu.

Hayo yote ni fedha, na yana ufumbuzi. Lililonikosesha usingizi ni transfoma. Tunaitumia pamoja mtaa mzima. Jirani yangu mmoja ni mjane anayesomesha watoto kwa jokofu la samaki. Jioni, mashine ya kusaga ikiwa bado inanguruma, taa zetu hufifia. Je, pasi saba zangu zikiongezeka saa hiyo, jokofu lake litakuwaje?

Nimemwambia mwanangu kwamba kisanduku kitafungwa kwa masharti mawili. Kwanza, tuwaandikie shirika la umeme ili wapime mzigo wa transfoma. Pili, gari lichajiwe baada ya saa tano usiku, mashine ikiwa imezimwa. Amekubali, ingawa alicheka kidogo.

Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilianza kuwashwa mwaka 2024, na ni jambo la kujivunia. Hata hivyo umeme mwingi wa Rufiji hauna budi kupita katika waya mwembamba wa mtaani ndipo ufike kwa mtu. Gari la kwanza la umeme lilishindwa kwa sababu waya uliwafikia wachache. La safari hii lisije likafaulu kwa kumzimia jirani taa.